Upupu na Maradhi ya Kutetemeka: Tarehe ya Dawa Moja

Katika mimea yote itambaayo juu ya vichaka vya mwambao wetu, kuanzia Lamu mpaka Lindi, ni michache iliyochukiwa na wakulima na kuogopwa na watoto kama upupu. Kwani maganda yake yamevikwa nywele laini za rangi ya hudhurungi, na mtu azigusapo, au upepo wa kiangazi uzipeperushapo zikamwangukia shingoni, hujikuna hata ngozi ikachubuka, na aghalabu huliacha shamba lake bila ya kulivuna. Walakini ndani ya maganda hayo hayo zimo mbegu ngumu zenye mng'aro, na ndani ya mbegu hizo imo dutu ambayo wanazuoni wa tiba, baada ya kazi ya zaidi ya nusu karne, waliithibitisha kuwa ndiyo dawa ishindayo nyingine zote katika kutuliza maradhi ya kutetemeka yawapatayo wazee, maradhi ambayo ulimwengu wa leo huyaita kwa jina la Parkinson.

Tarehe ya dawa hii yastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu ndani yake mna funzo kubwa juu ya namna elimu ipatikanavyo na namna inavyoweza kukaa karibu na watu dahari nyingi bila ya kutambuliwa. Ilipita katika mikono ya matabibu wa Bara Hindi, wakemia wa Uswisi, wataalamu wa Uswidi na Austria, na wagonjwa wengi wasiotajwa majina, ambao bila ya subira yao hapana lolote lingalijulikana. Wala haijesha, kwani wale wanaojaribu leo kupanda seli mpya ndani ya bongo za wagonjwa wanajenga juu ya msingi uliowekwa na dutu hiyo ya mbegu.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuzungumzia mtetemeko wa viungo katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba. Na katika tiba ya kale ya Kihindi yalijulikana maradhi ya kutetemeka yaitwayo kampavata, ambayo miongoni mwa dawa zake zilikuwamo mbegu za upupu. Lakini mtu wa kwanza kuyaeleza kwa mpango, akiyatenga na mitetemeko mingine, alikuwa tabibu wa mtaa wa Hoxton mjini London, James Parkinson, ambaye mwaka 1817 alichapisha insha fupi juu ya wagonjwa sita tu, baadhi yao akiwa amewaona wakipita njiani. Aliandika juu ya mkono utetemekao ukiwa umetulia, juu ya mwili unaoinama mbele, na juu ya mwendo ambao mgonjwa huanza kwa hatua ndogo ndogo kisha akajikuta anakimbia asipotaka kukimbia. Na aliona kuwa akili na hisi za mgonjwa, kwa kadiri alivyoweza kupima, zilibaki salama.

Miaka mingi baadaye, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, bingwa wa maradhi ya neva Jean-Martin Charcot aliupima ugonjwa huo upya, akaona kwamba si kila mgonjwa hutetemeka na kwamba udhaifu wake si kupooza, na kwa insafu yake akataka uitwe kwa jina la yule Mwingereza aliyetangulia kuueleza. Dawa aliyoitumia Charcot ilitoka katika mimea, nayo ni hayosayamini, dutu ipatikanayo katika ukoo wa mimea yenye sumu ambamo mnanaha wetu wa Pwani nao umo. Ikawapunguzia wagonjwa mtetemeko kwa kiasi, ingawa ilikausha vinywa vyao na, ilipozidi, ikawavuruga fahamu. Kwa takriban miaka 100 matabibu hawakuwa na kitu bora kuliko hicho, wala hawakujua maradhi yanaanzia wapi mpaka mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff alipoonyesha, katika tasnifu yake huko Paris, kwamba bongo za wagonjwa waliokufa zilikuwa zimepungukiwa na seli katika sehemu ndogo nyeusi iliyoko juu katika shina la ubongo.

Wakati huo huo, pasipo uhusiano wowote na wagonjwa hao, wakemia walikuwa wameshaikaribia dawa. Mwaka 1911 Casimir Funk, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi London, aliitengeneza katika maabara dutu iliyoitwa dopa. Na huko Italia mkemia Torquato Torquati aliona kuwa katika maharagwe makubwa ambayo Waarabu huyaita ful mna dutu ya aina yake ambayo hakuweza kuitambua sawasawa. Mwaka 1913 Markus Guggenheim, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, aliitoa dutu hiyo katika maharagwe yaliyolimwa katika bustani ya mwenye kampuni, akaitambua kuwa ni dopa, yaani ile ambayo leo huitwa levodopa. Akitaka kujua taathira yake katika mwili wa mwanadamu, alimeza gramu 2.5, akatapika vibaya. Na kwa kuwa wanyama aliowapa hawakuonyesha mabadiliko makubwa, akakata shauri kwamba haina manufaa ya tiba, na dutu hiyo ikawekwa kando kwa zaidi ya miaka 40. Matapishi yale, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, yalikuwa dalili kwamba dutu ile ina nguvu kubwa mwilini, lakini hakuna aliyeweza kuisoma dalili hiyo wakati ule.

Mwaka 1937 wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Madras, Damodaran na Ramaswamy, walitangaza kwamba wameitoa dopa hiyo hiyo katika mbegu za upupu, tena kwa wingi upitao ule wa ful. Uchunguzi wa siku za karibuni wathibitisha kuwa mbegu za upupu zina levodopa ya takriban sehemu 4 hadi 6 katika kila sehemu 100 za uzito wake, kiasi ambacho mimea michache sana hukifikia. Basi katika mwaka ule wa 1937 vitu viwili vilikuwako pamoja katika Bara Hindi: mapokeo ya kale yaliyowapa watetemekaji mbegu za upupu, na elimu mpya ya kemia iliyojua kilichomo ndani ya mbegu hizo. Lakini hapakuwa na mtu wa kuviunganisha, kwa kuwa kiungo cha kati, yaani ujuzi wa kilichopungua katika ubongo wa mgonjwa, kilikuwa bado hakijapatikana.

Kiungo hicho kilipatikana kwa njia ya mmea mwingine. Wahindi walikuwa wakitumia mizizi ya rauwolfia kuwatuliza wenye wazimu na kuwatibu walioumwa na nyoka, na katika mwaka 1931 Salimuzzaman Siddiqui, aliyekuwa akifanya kazi Delhi katika chuo cha tiba kilichoanzishwa na Hakim Ajmal Khan, alizitenga dutu kadhaa za mizizi hiyo, akaiita mojawapo kwa jina la hakimu huyo mkubwa. Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alieleza mwaka 1949 jinsi alivyoutumia mmea huo kushusha shinikizo la damu. Na mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya Ciba huko Basel wakaipata dutu yake yenye nguvu zaidi, reserpini. Dawa hiyo ilienea haraka mno ulimwenguni, hata rauwolfia ya misitu ya Kongo ikachimbwa kwa wingi ili kutosheleza viwanda. Na si ajabu msomaji wa Kilimanjaro akautambua ukoo huu, kwa sababu msesewe, ambao gome lake hutumika katika utengenezaji wa mbege, ni rauwolfia pia.

Matabibu waliotoa reserpini waliona jambo la kushangaza, kwamba baadhi ya wagonjwa waliopewa dozi kubwa walikakamaa viungo na kutetemeka kama wenye ugonjwa wa Parkinson. Huko Lund, katika Uswidi, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, na sungura wale wakalala kimya, masikio yameanguka, hawawezi kujongea. Kisha wakawadunga dopa, na kwa muda wa robo saa hivi wanyama wale wakasimama na kutembea. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1957, na mwaka uliofuata Carlsson na wenzake wakaonyesha kwamba dopa hugeuka kuwa dopamini, na kwamba dopamini imo katika ubongo kwa haki yake, ikipeleka habari baina ya seli na seli, hali watu wengi walidhani kuwa ni daraja tu la kutengenezea kemikali nyingine.

Mjini Vienna palikuwa na kijana aliyeisoma taarifa hiyo kwa makini, naye ni Oleh Hornykiewicz. Yeye hakuwa na sungura; alikwenda kwenye vyumba vya maiti akatafuta bongo za watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson na za watu waliokufa kwa sababu nyingine, akazipima kwa rangi zionyeshazo dopamini, na kwa macho yake matupu akaona kuwa sampuli za watu wengine zimegeuka waridi, ilhali za wagonjwa wa Parkinson hazikubadilika ila kidogo sana. Mwaka 1960 yeye na mwenzake Herbert Ehringer walitangaza matokeo hayo, na kwa mara ya kwanza katika tarehe ya tiba ikajulikana kuwa maradhi ya ubongo yazidishayo uharibifu mwaka hata mwaka yametokana na upungufu wa dutu moja iwezayo kupimwa kwa mizani.

Baada ya hapo hapakuwa na sababu ya kungoja. Hornykiewicz alimsihi tabibu Walther Birkmayer, aliyekuwa akiwatunza wagonjwa wazee wa Vienna, awadunge levodopa, na mwezi wa Julai 1961 dawa ile, ambayo Guggenheim aliitapika miaka 48 kabla, iliingia katika mishipa ya wagonjwa. Waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani waliinuka, waliokuwa hawawezi kuanza hatua wakaianza, na sauti zilizokuwa zimefifia zikasikika tena. Nafuu hiyo ikadumu kwa saa kadhaa, kisha ikaondoka. Wengi hawakusadiki, na waliojaribu kwa dozi ndogo hawakuona kitu, mpaka mwaka 1967 George Cotzias, tabibu mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa Brookhaven katika jimbo la New York, alipotoa taarifa ya wagonjwa 16 aliowapa dopa ya kumeza, akianza kidogo kidogo na kuongeza kwa subira hata kufikia gramu nyingi kwa siku. Fadhila ya Cotzias ni hiyo subira: alikwenda na mwili polepole mpaka ukazoea kisichozoeleka, na kichefuchefu kilichomkatisha tamaa Guggenheim kikashindwa.

Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilitoa idhini ya dawa hiyo kuuzwa, na katika miaka iliyofuata ikachanganywa na dutu nyingine, karbidopa, ambayo huizuia levodopa isigeuke dopamini kabla ya kuingia katika ubongo. Kwa hila hiyo dozi ilipunguzwa kwa takriban robo tatu na matapishi yakawa haba. Ili itoshe kwa mamilioni ya wagonjwa, William Knowles wa Marekani alibuni njia ya kuitengeneza kiwandani kwa umbo lile moja tu lifaalo mwilini, akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2001. Naye Carlsson alikuwa ameipata ya tiba mwaka mmoja kabla. Hornykiewicz hakuitwa, na wanazuoni wengi wa elimu ya ubongo walitia saini barua ya wazi kulalamikia jambo hilo. Nami naona walikuwa na haki, maana bila ya wale marehemu aliowapima, ugunduzi wa sungura ungebaki kuwa habari ya sungura.

Hata hivyo si insafu kuusifu uponyaji bila ya kutaja mpaka wake. Mwaka 1969 Oliver Sacks aliwapa levodopa wagonjwa wa hospitali ya Beth Abraham huko New York, watu walioganda kwa miongo kadhaa baada ya tauni ya homa ya usingizi iliyozuka wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akawaona wakiamka, wakisema na kucheka, kisha wengi wao wakirudi katika misukosuko ambayo dawa haikuweza kuituliza. Habari zao alizitunga katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Kwa wagonjwa wa kawaida nao, baada ya miaka kadhaa nafuu ya kila dozi hupungua muda, na mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe pasipo kuamriwa. Sababu yake ni moja: levodopa huleta kile kilichopungua, lakini seli zilizokuwa zikikitengeneza zaendelea kufa; na dalili za kwanza za ugonjwa huonekana pale tu sehemu kubwa ya dopamini ya mahali hapo imekwisha kutoweka.

Wala si upupu peke yake uliotoa msaada wa namna hii. Watu wa Calabar, katika nchi iitwayo leo Nigeria, walikuwa na mbegu ya sumu waliyowalisha washukiwa wa uchawi ili kuwahukumu, na katika mwaka 1864 wakemia wa Kijerumani waliitoa ndani yake dutu iitwayo fizostigmini, ambayo kutokana na umbo lake ilibuniwa baadaye rivastigmini, mojawapo ya dawa za wazee wanaopoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa Alzheimer. Dawa nyingine ya ugonjwa huo, galantamini, ilitoka katika ua jeupe la majira ya baridi, na Wabulgaria walikuwa wa mbele katika kuifanya dawa. Lakini zote mbili ni za tabia moja na levodopa, yaani hukiongezea nguvu kile kilichosalia, wala hazikirudishi kilichokufa.

Kwa muda mrefu wanazuoni waliamini kwamba kurudisha hakuwezekani. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyezichora seli za neva kwa umahiri usio kifani, alifunga hukumu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba katika ubongo wa mtu mzima neva hufa na hazizaliwi tena, na hukumu hiyo ikashikwa kama sheria. Joseph Altman alipotangaza katika miaka ya 1960 kwamba ameona seli mpya za neva katika ubongo wa panya wazima, wachache walimsikiliza. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1992, ambapo Brent Reynolds na Samuel Weiss, huko Calgary katika Kanada, walizitoa katika ubongo wa panya mzima seli zilizoweza kujizidisha ndani ya chombo cha maabara na kuzaa seli za neva pamoja na seli zinazozisaidia. Hizo ndizo ziitwazo seli shina za neva, na kupatikana kwake kulibatilisha hukumu ya Cajal, ijapokuwa katika mwanadamu wingi wake na kazi yake katika umri wa utu uzima bado ni kadhia inayobishaniwa.

Kabla ya hapo, matabibu wa Lund, mji ule ule wa Carlsson, walikuwa wameshathubutu. Mwaka 1987 Olle Lindvall na Anders Björklund na wenzao walianza kupanda ndani ya bongo za wagonjwa wa Parkinson seli changa zilizotoka katika vijusi vya mimba zilizoharibiwa, wakitaraji kuwa zitaota na kuanza kutoa dopamini. Na baadhi ya wagonjwa wale walipata nafuu kubwa, hata mmojawapo akaiacha levodopa kwa miaka kadhaa. Tofauti ya kumeza levodopa na kupandwa seli ni kama ile ya mtu anunuaye nafaka sokoni kila siku na yule anayelipanda upya shamba lililokauka. Lakini mwaka 2001 Curt Freed na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 40, ambapo nusu yao walipandwa seli na nusu walitobolewa fuvu tu bila ya kupandwa kitu, bila ya wao kujua; ikaonekana kwamba walio chini ya miaka 60 walipata nafuu, waliozidi umri huo hawakuipata kwa uwazi, na baadhi ya waliopandwa wakaingiwa na mijongeo isiyozuilika hata walipopunguziwa dawa. Tena mwaka 2008 ikagunduliwa, katika bongo za waliofariki zaidi ya miaka 10 baada ya kupandwa, kwamba baadhi ya seli mpya nazo zilikuwa zimeanza kupatwa na dalili za ugonjwa. Zaidi ya hayo, kutegemea vijusi kulileta mashaka ya dini na ya maadili yasiyoweza kupuuzwa.

Mlango mpya ulifunguliwa na Shinya Yamanaka wa Kyoto, katika Japani, ambaye mwaka 2006 alionyesha kwa seli za panya, na mwaka uliofuata kwa za binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi yaweza kurudishwa katika hali ya uchanga, ikawa tayari kugeuzwa kuwa seli ya kiungo chochote. Kwa hilo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2012. Katika mji huo huo Jun Takahashi na wenzake walizigeuza seli za namna hiyo kuwa chimbuko la seli za dopamini, wakampanda mgonjwa wa kwanza mwaka 2018, na mwaka 2025 wakatoa taarifa ya wagonjwa 7: hapakutokea madhara makubwa wala uvimbe wa saratani, dopamini iliongezeka mahali palipopandwa, na katika 6 waliopimwa nafuu, 4 walionyesha maendeleo ya mwendo hata wakati dawa ilipokuwa imeisha mwilini. Mwaka huo huo jaribio la wagonjwa 12 wa Marekani na Kanada, lililotumia seli shina za kiinitete, lilitoa habari njema za mfano huo. Ni habari njema, lakini ni za watu wachache, na wenyewe waliozitoa wamesema kuwa ni mwanzo.

Katika miaka hii hii mimea imerudi tena maabarani kwa sura nyingine, kwani wanazuoni wa India, Uchina, Korea na kwingineko wanazijaribu dutu za manjano, za chai na za mizizi mingi ya tiba ya kale juu ya seli shina za neva, wakitazama kama zaweza kuzichochea zijizidishe, zigeuke neva, au zivumilie mazingira ya ubongo ulio mgonjwa. Dutu ya manjano imeonekana kuwa na taathira hiyo katika panya. Lakini mtu aimezapo, kiasi kidogo mno hufika katika damu, na kutoka damuni mpaka ubongoni pana kizuizi kingine. Kwa hiyo mpaka leo hapana dawa ya mmea iliyothibitishwa kumrudishia mgonjwa seli za ubongo wake, na anayeuza unga au mafuta kwa madai hayo, au anayewaita wagonjwa wasafiri ng'ambo wakadungwa seli kwa maelfu ya dola nje ya majaribio yaliyosajiliwa, anauza matumaini ya watu na si tiba.

Upupu wenyewe nao umerudishwa mbele ya mizani. Mwaka 2004, katika hospitali ya maradhi ya neva ya London, wagonjwa 8 walipewa unga wa mbegu zake na, siku nyingine, vidonge vya kawaida. Gramu 30 za unga zilileta nafuu karibu katika nusu ya muda uliohitajiwa na vidonge, na nafuu ikadumu zaidi. Huko Bolivia, mwaka 2017, wagonjwa 18 walipimwa kwa upupu uliokaangwa na kusagwa, nao ukalingana na dawa ya kiwandani; lakini wagonjwa walipoutumia kila siku kwa wiki 16, nusu yao waliuacha njiani kwa sababu ya matumbo kukataa au hali kuzidi kuwa mbaya. Na kwa jirani zetu wa kusini, jimboni Nampula, Msumbiji, mwaka 1989, wakati wa vita na ukame, watu wapatao 200 walipatwa na wazimu wa ghafla baada ya kula mbegu za upupu, kwa kuwa mapishi ya asili yataka maji ya kuchemshia yamwagwe mara kwa mara, na mwaka ule maji yalikuwa haba. Dutu ile ile imwinuayo mgonjwa ndiyo imvurugayo mzima, na tofauti ya hali hizi mbili ni kipimo.

Haya yanatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulizunguka nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000, ukakuta wagonjwa 33 wa Parkinson; na walio wengi miongoni mwao hawakuwahi kuambiwa na tabibu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wameishi na mtetemeko wakidhani ni uzee, na wengine katika nchi zetu hudhani ni uchawi, wakafichwa vyumbani kwa haya. Levodopa pamoja na karbidopa imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa mpya, siri yake ilijulikana zamani, na mmea uliobeba asili yake unaota nyuma ya nyumba zetu. Hata hivyo mzee wa kijijini aihitajiye aghalabu haipati, na akiipata haipati kila mwezi.

Alhasili, nasaha yangu kwa wasomaji ni tatu. Ya kwanza, mzee akianza kutetemeka mkono ukiwa umetulia, au mwendo wake ukawa wa hatua ndogo na sauti ikafifia, apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwingine kokote, wala asilishwe mbegu za upupu nyumbani kwa kukisia. Ya pili, vyuo vyetu vya tiba visiuachie uchunguzi wa mimea yetu mikono ya mbali peke yake. Madras ilikuwa na mbegu na kemia, ikakosa mtu wa kuviunganisha na mgonjwa, na hasara hiyo isijirudie kwetu. Ya tatu, na ndiyo kubwa, wenye mamlaka ya afya wahakikishe kwamba levodopa inafika katika kila hospitali ya wilaya kwa bei ambayo mkulima aweza kuilipa. Kwani kungoja seli shina za Kyoto hali kidonge cha mwaka 1970 hakijatufikia ni dhuluma kwa wazee waliotulea, na dhuluma hiyo yaweza kuondolewa sasa.